Kabla ya kutundika bembea: mwongozo kwa wakazi wanaotaka kujenga uwanja wa watoto

Na Mwandishi Wetu

Jioni yoyote ya wiki, mwendo wa saa kumi na moja, pita Mtwapa, Mariakani au Gongoni uone watoto wanachezea wapi. Wengine wako kando ya barabara, mpira ukiwaponyoka wanaukimbilia katikati ya bodaboda na matatu. Wengine wako kwenye nyumba ambayo haijamalizwa kujengwa, au kwenye shimo la mawe lililoachwa wazi. Hawakuchagua mahali hapo kwa kupenda hatari. Ndipo palipobaki.

Ndiyo maana katika vikao vya wananchi husikika ombi hili: "Sisi tuko tayari kujitolea. Tuna nguvu, tuna mafundi, tuna kiwanja. Je, tunaweza kujijengea uwanja wa watoto?"

Jibu ni ndiyo. Lakini siku ya kujitolea, ile ya majembe na nyimbo, ndiyo sehemu fupi zaidi ya kazi yote. Kinachoamua kama uwanja utakuwepo baada ya miaka mitano ni mambo mawili: karatasi ya ardhi kabla ya kazi kuanza, na ratiba ya utunzaji baada ya kazi kwisha. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua.

Mchezo ni haki, na viwanja ni jukumu la kaunti

Wapo wanaodhani uwanja wa watoto ni anasa ya mitaa ya matajiri. Sheria haisemi hivyo. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo kinatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 nalo linazipa serikali za kaunti jukumu la bustani za umma, vifaa vya michezo na mahali pa burudani, pamoja na elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto.

Kwa hiyo wakazi wanapojitolea hawaiondolei kaunti wajibu wake, wala kaunti haiwafanyii hisani inapowaunga mkono. Ni kazi moja yenye mikono miwili.

Hatua ya kwanza: ardhi ni ya nani?

Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi shuleni wakakuta ukuta umejengwa kuzunguka uwanja wao wa michezo. Walipoandamana wakausukuma ukuta, walirushiwa vitoa machozi. Picha za watoto waliovaa sare wakikimbia moshi zilienea dunia nzima. Baadaye ardhi hiyo ilirudishiwa shule, lakini funzo lilibaki: kipande ambacho kila mtu anajua ni cha watoto kinaweza kunyakuliwa ikiwa hakuna karatasi inayosema hivyo.

Katiba imegawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Kabla ya kuchanga hata shilingi moja, jueni kiwanja chenu kiko fungu gani.

Ikiwa ni ardhi ya umma, ulizeni imetengewa kazi gani. Pengine kwenye ramani imewekwa kuwa soko, zahanati au hifadhi ya barabara. Uwanja uliojengwa kwenye hifadhi ya barabara utabomolewa barabara itakapopanuliwa, na chini ya nyaya kubwa za umeme hauruhusiwi kabisa. Ikiwa ni ardhi ya shule ya umma, zungumzeni na bodi ya shule na mkubaliane kwa maandishi kama watoto wa mtaa wataingia jioni, wikendi na wakati wa likizo. Ikiwa ni ya kituo cha chekechea cha kaunti, mlango wa kubisha ni idara ya elimu ya kaunti.

Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, Katiba inasema inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika. Hapo hatosemea mtu mmoja wala familia moja. Jamii yenyewe ndiyo iamue kwenye mkutano, na muhtasari uandikwe.

Penye matatizo mengi zaidi ni ardhi ya kibinafsi. Mzee mwema husimama mkutanoni akasema, "Chukueni kona ile, wajukuu wangu wachezee." Watu hupiga makofi, kazi ikaanza kesho yake. Miaka mitatu baadaye mzee hayupo, warithi wanauza shamba, na mnunuzi anakuja na hatimiliki halali mkononi. Hakuna aliyedhulumu mtu hapo. Ni ahadi ambayo haikuandikwa. Mtu akitoa ardhi yake, fanyeni upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi (ule ambao wengi tunauita sachi), hakikisheni mwenzi wake wa ndoa amekubali, na muandikishe uhamisho au ukodishaji wa miaka inayojulikana. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi inahitajika pia.

Mkishapata jibu, mwiteni mpima ardhi athibitishe bikoni. Jirani akigombana nanyi kabla ya ujenzi, ni mazungumzo. Akigombana nanyi baada ya ujenzi, ni kesi.

Hatua ya pili: undeni kikundi, kisha muombe idhini

Kikundi kinachoshika pesa za watu kinahitaji usajili, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na daftari la mapato na matumizi linaloweza kufunguliwa na mwanachama yeyote. Usajili wa vikundi vya jamii hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu.

Baada ya hapo, pelekeni mchoro wa uwanja kwa idara ya mipango ya ardhi ya kaunti. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka idhini kabla ya ujenzi. Mchoro si lazima uwe wa kupendeza. Uonyeshe mipaka, miti, njia ya maji ya mvua, lango, na mahali kila kifaa kitasimama. Mkitakiwa kulipa ada yoyote, dai risiti rasmi. Pasipo risiti hakuna ada.

Hatua ya tatu: waulizeni watakaoutumia

Kikao cha kupanga uwanja wa watoto kikiwa na watu wazima peke yao, mara nyingi huzaa uwanja wa mpira wa vijana. Waiteni watoto wa darasa la kwanza hadi la sita, wachore kwenye mchanga wanachotaka. Waulizeni wasichana peke yao pia, kwa sababu mbele ya wavulana huenda wasiseme kwamba hufukuzwa uwanjani kila mpira unapoanza. Waulizeni akina mama wanaouza samaki au viazi vya karai karibu na hapo, kwa kuwa wao huwaona watoto hao kuanzia asubuhi hadi magharibi.

Muwakumbuke wenye ulemavu tangu mchoro wa kwanza. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye mchanga laini. Njia ngumu na tambarare kutoka langoni hadi kwenye kivuli na kwenye angalau mchezo mmoja haigharimu sana ikipangwa mapema. Panapohitajika mteremko, kila sentimita moja ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu.

Hatua ya nne: mahali na vipimo

Hapa pwani kivuli ni nusu ya uwanja. Mwarobaini, mkungu au mwembe uliopo usikatwe. Lakini msitundike bembea chini ya mnazi, kwani dafu likidondoka halichagui kichwa. Kaeni mbali na visima visivyofunikwa, mashimo ya choo na machimbo ya mawe. Uwanja ukipakana na barabara, lango liangalie upande mwingine.

Majeraha mengi ya viwanjani hutokana na kuanguka. Kwa hiyo jambo la kwanza kufikiria ni kile mtoto atakachoangukia, kabla ya kile atakachopanda. Saruji, lami, mawe na udongo uliokauka havifai chini ya kifaa chochote. Mchanga laini unafaa na unapatikana.

Vipimo hivi hutumiwa na wataalamu wa viwanja vya watoto katika nchi nyingi:

- Kwa mchanga, jukwaa la kupanda lisizidi mita 1.2 kutoka chini. Kina cha mchanga cha sentimita 23 kinatosha kwa urefu huo, lakini wekeni sentimita 30, maana mchanga husambaa na kushindiliwa na miguu.
- Kila kifaa kizungukwe na nafasi tupu ya mita 1.8 pande zote.
- Bembea huhitaji nafasi zaidi. Pima urefu kutoka chini hadi ilipofungwa, kisha zidisha mara mbili: huo ndio umbali wa mbele, na mwingine kama huo nyuma. Bembea iliyofungwa mita 2 juu inataka mita 4 mbele na mita 4 nyuma.
- Fremu moja ibebe bembea mbili tu. Kati ya bembea na bembea ziwe sentimita 60, na kati ya bembea na nguzo sentimita 75.
- Nafasi kati ya mbao au vyuma iwe chini ya sentimita 9, au zaidi ya sentimita 23. Nafasi ya katikati ya hapo hupitisha mwili wa mtoto na kunasa kichwa.

Tupige hesabu moja pamoja. Fremu ya bembea mbili ina upana wa mita 3. Ukiongeza nafasi za pembeni unapata mita 6.6, na mbele hadi nyuma mita 8. Kwa kina cha sentimita 30, hizo ni mita za ujazo 16 za mchanga, yaani tani 25 hivi, au lori nne za tani saba. Vikundi vingi hupanga bajeti ya vyuma na kusahau mchanga. Ikiwa fedha hazitoshi vyote viwili, punguzeni vyuma.

Vifaa: kinachofaa na kisichofaa

Nguzo za mvinje zinapatikana kwa wingi katika kaunti yetu, na ni imara. Nunueni kwa wakulima waliopanda. Msikate kwenye misitu ya kaya wala mikoko bila kibali, kwa sababu hiyo ni hifadhi. Mchanga nao msichote ufuoni bila kibali; bahari hudai chake baadaye.

Nguzo kuukuu za umeme zisitumike mahali ambapo watoto watashika na kulamba, kwani hutiwa dawa kali ya kuzuia mchwa. Oili chafu ya gari pia isipakwe kwenye nguzo. Mchwa huweza kuzuiwa kwa kuiweka nguzo juu ya kikalio cha chuma kilichoshikwa na zege, ili mti usiguse udongo. Rangi iwe isiyo na madini ya risasi. Someni maandishi kwenye mkebe.

Tairi kuukuu ni rafiki wa kila uwanja, lakini zina masharti mawili. La kwanza, kagua kwa mkono uliovaa glavu kama kuna waya uliochomoza, na ukiuona, tairi hiyo iondoke. La pili, toboa matundu upande wa chini. Tairi inayotuama maji ya mvua huzaa mbu wa Aedes, ambao hueneza homa ya dengi, na pwani yetu inaijua homa hiyo.

Chuma karibu na bahari huliwa na chumvi. Kama mnanunua mabomba, chagueni yaliyopakwa zinki, na mahali pa kuchomelea pakwaruzwe na kupakwa rangi upya kila mwaka. Mteremko wa bati au chuma usielekezwe jua la mchana. Uwekeni kivulini, la sivyo utaunguza mapaja ya mtoto saa saba.

Siku za kazi

Tunasema siku, si siku moja. Jumamosi tatu zinatosha uwanja mdogo. Ya kwanza ni ya kufyeka, kuokota chupa na misumari, na kuchimba mashimo ya nguzo. Ya pili ni ya kusimamisha nguzo na kumimina zege. Kisha muiache zege ikomae siku saba au zaidi. Msitundike bembea kabla ya hapo, hata watoto wakililia. Ya tatu ni ya kufunga vifaa, kumwaga mchanga, kupaka rangi na kupanda miti.

Anzeni saa moja asubuhi na mfunge saa tano, kabla jua halijawa kali. Teueni mtu wa kuandika majina, mtu wa sanduku la huduma ya kwanza, na mtu wa maji ya kunywa. Watoto wawe na kazi yao, kama kubeba miche au kuchora ukuta, mbali na mashimo na misumeno. Mashimo yanayolala wazi yafunikwe kwa mbao.

Kazi ya kuchomelea na ya kufunga minyororo apewe fundi anayeijua, naye alipwe. Kujitolea hakumaanishi kumfanyisha fundi kazi ya bure kila wiki huku familia yake ikingoja unga. Na kujitolea ni hiari kwa kila mtu: hakuna mzee wa mtaa wala afisa yeyote mwenye ruhusa ya kumtoza faini mkazi ambaye hakufika.

Pesa za kaunti: ombeni mapema

Hapa ndipo wakazi wengi hukosa, si kwa sababu ombi lao ni baya, bali kwa sababu limechelewa. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na mpango huo unahusu fedha zitakazoanza kutumika Julai ya mwaka unaofuata. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili.

Maana yake ni hii: mkileta ombi la mchanga na vyuma mwezi Novemba, msitarajie jibu la Desemba. Fikeni kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma kabla ya Septemba, mkiwa na nakala ya karatasi za ardhi, mchoro na orodha ya vifaa. Ombi linalosema "tunataka uwanja wa watoto" ni rahisi kuahirisha. Ombi linalosema "ardhi hii hapa, idhini hii hapa, nguvu kazi tunayo, tumepungukiwa lori nne za mchanga" ni gumu kulikataa. Pia fahamuni kwamba fedha za umma haziwezi kujenga kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ahadi ya mdomo, hata kama mtaa mzima unamwamini.

Baada ya sherehe

Utepe ukishakatwa na wageni wakiondoka, ndipo uwanja unapoanza kuchakaa. Mchanga unahama chini ya bembea, mnyororo unaliwa, mtu anatupa chupa usiku. Kibera, Nairobi, kwenye viwanja ambavyo vikundi vya wakazi vilijenga pamoja na shirika la Kounkuey Design Initiative, sehemu ya kuchezea huambatana na huduma kama choo au maji ya kuuza, na kikundi kinachoendesha huduma hiyo ndicho kinachotunza mahali. Si lazima kila kijiji kifanye hivyo hivyo, lakini kila kijiji kijibu swali hili: nani atalipia mnyororo mpya mwaka ujao?

Gawaneni wiki kwa nyumba. Kila Jumamosi, nyumba iliyo zamu ipite na reki na daftari: imelegea karanga gani, mchanga umebaki kina gani, kuna kioo, kuna mavi ya mbwa, tairi ipi imetuama maji. Kifaa kilichoharibika kifungwe au kiondolewe siku hiyo hiyo. Bembea iliyotolewa huwaudhi watoto kwa wiki moja. Bembea iliyokatika yaweza kumvunja mtoto mmoja maisha yake yote.

Pawe pia na mtu mzima anayeonekana, hasa magharibi. Ikiwa mtoto ametendewa vibaya uwanjani au popote, piga simu 116, namba ya msaada kwa watoto isiyolipiwa.

Jikagueni kabla ya kuanza

1. Tumefanya upekuzi wa ardhi na bikoni zimethibitishwa?
2. Kuna makubaliano ya maandishi, si ya mdomo?
3. Kikundi kimesajiliwa, na daftari la pesa liko wazi?
4. Idara ya mipango imetoa idhini?
5. Watoto, wasichana na wenye ulemavu wamesikilizwa?
6. Bajeti ina mchanga wa kutosha?
7. Orodha ya zamu za utunzaji imejazwa kwa mwaka mzima?

Ikiwa hata swali moja bado, msishike jembe. Pitieni kwanza ofisi ya msimamizi wa wadi yenu, muulize lililobaki linamalizwa wapi. Kungoja miezi michache mpate karatasi ni afadhali kuliko kuwaeleza watoto, miaka mitatu baadaye, kwa nini uwanja wao umewekewa ukuta.